Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Historia ya Uchapishaji wa Mikusanyiko ya Hadithi Fupi za Agatha Christie

Tarehe 7 Machi 1923, jarida la kila wiki la London lililoitwa The Sketch lilichapisha "The Affair at the Victory Ball", hadithi fupi ya kwanza ya Agatha Christie yenye mpelelezi Hercule Poirot. Msomaji wa Marekani aliyetaka kuipata katika mkusanyiko wa mwandishi huyo alisubiri hadi 1951. Msomaji wa Uingereza alisubiri hadi 1974, miaka 51 baada ya jarida, wakati Christie alikuwa amebakiza chini ya miaka miwili ya kuishi. Kwa hiyo mtu akiuliza hadithi hiyo ilitoka lini, atapewa majibu matatu, na yote matatu ni ya kweli.

Hadithi hiyo si ya pekee. Riwaya za Christie ni rahisi kuzipanga, kwa kuwa kwa kawaida kila moja ilitoka Uingereza na Marekani karibu wakati mmoja, hata kama jina lilibadilishwa. Hadithi fupi zina mambo mengine kabisa. Zilianzia majaridani, kisha wachapishaji wa nchi mbili wakazikusanya kila mmoja kwa mpango wake, na yale yaliyoachwa upande mmoja yakaokotwa upande wa pili miaka kumi, ishirini au hamsini baadaye. Matokeo yake ni kwamba msomaji anaweza kununua vitabu viwili vyenye majina tofauti akakuta nusu ya hadithi ni zilezile, au akaamini kwamba amemaliza kila kitu ilhali kuna hadithi ambazo hajawahi kuziona. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kulitatua jambo hili kwa utaratibu, awe mkusanyaji wa vitabu, mfanyakazi wa maktaba, mtafsiri, au msomaji anayependa kujua anachosoma kilitoka wapi.

Hatua ya kwanza: anza na hadithi, usianze na kitabu

Kosa linalowapotosha watu wengi ni kuandika orodha ya vitabu, kisha kuweka alama kwenye kila kimoja walicho nacho. Orodha ya namna hiyo haiwezi kukuambia chochote kuhusu marudio, kwa sababu kitabu ni chombo tu, na chombo kimoja kinaweza kubeba vitu vilivyokwisha kubebwa na vyombo vingine vitatu. Fungua jedwali, kwenye daftari kubwa au kwenye kompyuta, na kila mstari uwe wa hadithi moja.

Jedwali hilo liwe na safu zifuatazo: jina la hadithi kama lilivyo kitabuni, jina au majina mengine iliyowahi kupewa, jarida na tarehe ya kutokea kwa mara ya kwanza, mkusanyiko wa kwanza wa Uingereza pamoja na mwaka, mkusanyiko wa kwanza wa Marekani pamoja na mwaka, mhusika mkuu, yaani Poirot, Miss Marple, Parker Pyne, Mr Quin, Tommy na Tuppence, au hakuna, na mwisho safu pana ya maelezo. Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayojaa kuliko zote, kwa hiyo iachie nafasi ya kutosha tangu mwanzo. Pale ambapo hujapata jibu, acha wazi. Nafasi tupu inakukumbusha kwamba kazi bado ipo, lakini mwaka uliokisiwa utageuka ukweli machoni pako baada ya mwezi mmoja.

Hatua ya pili: jenga uti wa mgongo wa vitabu vya nchi zote mbili

Ingawa kazi inafanyika hadithi kwa hadithi, unahitaji kujua vitabu vyenyewe na mfuatano wake. Kwa upande wa Uingereza, mkusanyiko wa kwanza ni Poirot Investigates, uliotolewa na The Bodley Head mwaka 1924. Baada ya hapo Christie alihamia Collins, na huko ndiko kulikotoka Partners in Crime (1929), The Mysterious Mr Quin (1930), The Thirteen Problems (1932), The Listerdale Mystery na Parker Pyne Investigates (vyote 1934), Murder in the Mews (1937), The Labours of Hercules (1947), The Adventure of the Christmas Pudding (1960), Poirot's Early Cases (1974) na Miss Marple's Final Cases (1979). Collins ilipokuwa HarperCollins, ilitoa Problem at Pollensa Bay mwaka 1991 na While the Light Lasts mwaka 1997. Katikati ya mfuatano huo pana kitabu kimoja kisichotoka Collins kwa mara ya kwanza, nacho ni The Hound of Death cha 1933. Kilichapishwa na Odhams Press, na mwanzoni hakikuuzwa madukani: msomaji alikusanya kuponi kutoka jarida la The Passing Show, kisha akakiagiza. Jambo hilo liandike kwenye maelezo, kwa kuwa anayetafuta toleo la kwanza la kitabu hicho chini ya jina la Collins anatafuta kisichokuwapo.

Kwa upande wa Marekani, mchapishaji ni Dodd, Mead kwa karibu safari yote. Baadhi ya vitabu vyake vinalingana na vya Uingereza kwa majina mengine: The Thirteen Problems iliitwa The Tuesday Club Murders (1933), Parker Pyne Investigates ikawa Mr Parker Pyne, Detective (1934), na Murder in the Mews ikawa Dead Man's Mirror (1937). Vingine ni vya Marekani pekee, navyo ndivyo vinavyoleta utata wote: The Regatta Mystery (1939), The Witness for the Prosecution and Other Stories (1948), Three Blind Mice and Other Stories (1950), The Under Dog and Other Stories (1951), Double Sin and Other Stories (1961) na The Golden Ball and Other Stories (1971). Mwaka 1997 mchapishaji mwingine, Putnam, alitoa The Harlequin Tea Set.

Usidhani kwamba vitabu vyenye jina moja vina hadithi zilezile. Poirot Investigates ya London ina hadithi 11. Ile ya Dodd, Mead, iliyotoka 1925, ina 14, kwa kuwa iliongezewa "The Chocolate Box", "The Veiled Lady" na "The Lost Mine". Hadithi hizo tatu wasomaji wa Uingereza walizipata katika Poirot's Early Cases, takriban nusu karne baadaye. Vilevile, toleo la kwanza la Dead Man's Mirror liliacha "The Incredible Theft", ambayo imo katika Murder in the Mews. Kwa sababu hiyo, kila unapoandika jina la kitabu kwenye jedwali, ambatanisha nchi na mwaka. Jina peke yake halitoshi.

Hatua ya tatu: rudi majaridani

Hapa ndipo pana utamu wa kazi hii, na pia ndipo penye jasho. Kabla ya televisheni, jarida la hadithi lilikuwa burudani ya nyumba nzima, na kwa mwandishi malipo ya jarida yalikuwa pato la uhakika kuliko kitabu. Mhariri wa The Sketch, Bruce Ingram, ndiye aliyemwomba Christie aandike mfululizo wa hadithi za Poirot, na mwaka 1923 zikatoka kwa wingi. Poirot Investigates ilichota baadhi tu. Zilizobaki ndizo zilizotawanyika kwa miongo, na ukilielewa hilo umeelewa sehemu kubwa ya fumbo lote.

Kwa kila hadithi, tafuta tarehe ya jarida la Uingereza na la Marekani kila moja kwa nafasi yake, kwa kuwa hazikuwa zikitoka kwa mpangilio mmoja. Mfano mzuri ni "The Witness for the Prosecution". Hadithi hiyo ilitokea kwanza Marekani, katika Flynn's Weekly la tarehe 31 Januari 1925, ikiitwa "Traitor Hands". Iliingia kitabuni kwa mara ya kwanza Uingereza, ndani ya The Hound of Death ya 1933. Mmarekani, ambaye nchi yake ndiyo iliyoichapisha mwanzo, aliipata katika mkusanyiko mwaka 1948, miaka 23 baada ya jarida. Anayeifuatilia kwa vitabu vya Marekani peke yake angeiweka katika kipindi cha baada ya Vita Kuu ya Pili, hali ni kazi ya mwandishi wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa bado anajitafutia jina.

Maktaba kubwa za taifa, kama vile British Library ya London na Maktaba ya Bunge la Marekani, zina katalogi zinazoweza kutafutwa kwenye intaneti, na majarida ya zamani mengi yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Unapopata ukurasa wa jarida, usinakili jina la hadithi tu. Angalia tarehe iliyo juu ya ukurasa, jina la mfululizo kama lipo, na majina ya wahusika katika aya za mwanzo, kwa sababu utakayoyaona katika hatua ya tano yatakurudisha hapo.

Hatua ya nne: chukua kitabu kimoja ukipasue

Njia bora ya kujifunza kazi hii ni kuchagua kitabu kimoja cha Marekani pekee na kuuliza, hadithi baada ya hadithi, kila moja iliangukia wapi Uingereza. Tuchukue Three Blind Mice and Other Stories ya 1950, yenye hadithi tisa.

Nne kati ya hizo ni za Miss Marple: "Strange Jest", "Tape-Measure Murder", "The Case of the Perfect Maid" na "The Case of the Caretaker". Zote zilisubiri Miss Marple's Final Cases ya 1979, ambayo Christie hakuiona kwa kuwa alifariki tarehe 12 Januari 1976. "The Third Floor Flat" na "The Adventure of Johnnie Waverly", ambazo ni za Poirot, ziliingia Poirot's Early Cases ya 1974. "Four and Twenty Blackbirds", ambayo pia ni ya Poirot, ilitangulia zote kwa kutokea katika The Adventure of the Christmas Pudding ya 1960. "The Love Detectives", ambayo ni ya Mr Quin, ilikaa hadi Problem at Pollensa Bay ya 1991. Hizo ni hadithi nane, katika vitabu vinne, kwa muda wa miaka 31.

Imebaki ya tisa, ile iliyokipa kitabu jina, nayo haikuingia katika hata kimoja kati ya vitabu hivyo vinne. Sababu yake inajulikana. "Three Blind Mice" ilitokana na mchezo wa redio wa mwaka 1947 ulioandikwa kwa heshima ya Malkia Mary alipotimiza miaka 80, na ndiyo iliyogeuzwa kuwa tamthilia ya The Mousetrap, iliyofunguliwa London tarehe 25 Novemba 1952. Christie hakutaka hadithi itolewe kitabuni Uingereza wakati tamthilia ikiendelea kuonyeshwa London, ili mwisho wake usijulikane, na tamthilia ile ikaendelea kwa miongo. Kwenye jedwali lako, safu ya mkusanyiko wa Uingereza kwa hadithi hii iandike "haikutolewa" pamoja na sababu, usiiache tupu. Nafasi tupu maana yake ni kwamba bado unatafuta, na hapa huna cha kutafuta.

Ukishamaliza hicho, fanya hivyohivyo kwa The Regatta Mystery, ambayo nayo ina hadithi tisa. Utakuta "The Dream" iliingia kitabu cha 1960, "Problem at Sea" na "How Does Your Garden Grow?" cha 1974, "Miss Marple Tells a Story" na "In a Glass Darkly" cha 1979, na "Problem at Pollensa Bay", "Yellow Iris" na "The Regatta Mystery" yenyewe cha 1991. Ya tisa, "The Mystery of the Baghdad Chest", ina habari yake, nayo inatuingiza katika hatua inayofuata.

Hatua ya tano: tenganisha jina lililobadilika na hadithi iliyoandikwa upya

Mambo haya mawili huchanganywa mara kwa mara, hata katika orodha zilizotengenezwa kwa uangalifu. Jina likibadilika lakini maneno yakabaki, hiyo ni hadithi moja na inastahili mstari mmoja. Mwandishi akirefusha, akibadilisha wahusika au kuandika upya, hayo ni maandishi mawili na yanastahili mistari miwili inayorejeleana.

Mfano wa aina ya kwanza ni "Wireless", iliyomo katika The Hound of Death, ambayo katika kitabu cha Marekani cha 1948 inaitwa "Where There's a Will". Vilevile "Mr Eastwood's Adventure" ya The Listerdale Mystery inaitwa "The Mystery of the Spanish Shawl" katika kitabu hichohicho cha 1948. Aliyesoma mojawapo ameisoma nyingine.

Mifano ya aina ya pili ni mingi, kwa kuwa Christie alikuwa na mazoea ya kurudia wazo lililompendeza na kulipa nafasi kubwa zaidi. "The Market Basing Mystery" ni mbegu ya "Murder in the Mews". "The Submarine Plans" ilikuzwa ikawa "The Incredible Theft". "The Second Gong" ilirefushwa ikawa "Dead Man's Mirror". "The Mystery of the Baghdad Chest" ilikuzwa ikawa "The Mystery of the Spanish Chest", iliyomo katika kitabu cha 1960, na ndiyo maana ile fupi haikuwa na haraka ya kuingia kitabuni Uingereza: ilitolewa katika While the Light Lasts mwaka 1997. Katika kitabu hicho imo pia "Christmas Adventure" ya 1923, ambayo ndiyo mzizi wa "The Adventure of the Christmas Pudding". Na hiyo ndefu ya Krismasi, ilipovuka bahari na kuingia Double Sin ya 1961, ilipewa jina la "The Theft of the Royal Ruby". Hapo una maandishi mawili na majina matatu, kwa hiyo utaandika mistari miwili, na jina la tatu utaliweka katika safu ya majina mengine.

Kuna aina ya tatu ambayo ni rahisi kuikosa. Hadithi ya "The Regatta Mystery" ilipotoka majaridani mwaka 1936, mpelelezi wake alikuwa Poirot. Ilipoingia kitabuni mwaka 1939 alikuwa Parker Pyne. Jina la hadithi na kisa chake vinafanana, aliyebadilika ni mhusika mkuu. Ndiyo sababu nilisisitiza kwamba ukiwa mbele ya ukurasa wa jarida usome aya za mwanzo na kuandika majina ya wahusika.

Namna ya kupima iwapo maandishi ni mamoja au mawili ni kuyaweka bega kwa bega na kulinganisha sehemu tatu: aya ya kwanza, aya moja ya katikati yenye mazungumzo, na aya ya mwisho. Hadithi iliyopewa jina jipya tu italingana kote, isipokuwa tofauti ndogo za tahajia kati ya Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani. Iliyoandikwa upya itajionyesha kwenye aya ya kwanza kabisa.

Hatua ya sita: fuatilia hadithi zilizotoka nje ya mikusanyiko yake

Si kila hadithi ilisubiri mkusanyiko wa Christie ili iingie kitabuni. "The Under Dog" ilitolewa Uingereza mwaka 1929 na Reader's Library katika kitabu kidogo cha 2 New Crime Stories, ikiwa bega kwa bega na hadithi ya mwandishi mwingine, E. Phillips Oppenheim. Mtu anayeangalia vitabu vya Christie pekee ataiweka 1951 kwa Marekani na 1960 kwa Uingereza, na atakuwa amekosa kwa zaidi ya miongo miwili.

Nyingine ziliyeyushwa ndani ya riwaya. The Big Four, iliyotoka Collins mwaka 1927, inauzwa kama riwaya, lakini imejengwa kwa hadithi 12 zilizotoka The Sketch mwaka 1924, zikaunganishwa kwa msaada wa shemeji yake, Campbell Christie. Mimi huziorodhesha hadithi hizo 12 katika ukurasa wa pembeni, kwa sababu ukiziacha kabisa hesabu ya majarida haitakamilika, na ukizichanganya na nyingine utazitafuta bure katika mikusanyiko. "The Plymouth Express" nayo ilikuzwa ikawa riwaya ya The Mystery of the Blue Train (1928), na "Yellow Iris" ikazaa Sparkling Cyanide (1945), lakini hizo mbili ziliendelea kuishi zenyewe na zina mikusanyiko yake.

Kisha kuna vitabu vinavyoonekana vipya ilhali havina hadithi mpya hata moja. Dodd, Mead ilitoa 13 for Luck! mwaka 1961, Surprise! Surprise! mwaka 1965 na 13 Clues for Miss Marple mwaka 1966, vyote vikiwa teuzi za hadithi zilizokwisha kuchapishwa, zikilengwa kwa wasomaji vijana. Vitabu hivi visiguse safu za "mkusanyiko wa kwanza". Mahali pake ni kwenye maelezo.

Partners in Crime pia inataka tahadhari ya aina yake. Baadhi ya hadithi zake ziligawanywa katika sura mbili zilipoingia kitabuni, kila sura na jina lake, kama vile "Finessing the King" na "The Gentleman Dressed in Newspaper", ambazo kwa asili ni hadithi moja. Ukihesabu vichwa vya ukurasa wa yaliyomo utapata idadi kubwa kuliko idadi ya hadithi.

Hatua ya saba: soma nakala iliyo mkononi mwako

Katalogi inakuambia kitabu kilitoka lini, na nakala yako itakuambia yenyewe ilipigwa chapa lini. Fungua nyuma ya ukurasa wa jina, penye maelezo ya hakimiliki. Miaka ya hakimiliki iliyoorodheshwa hapo ni hazina, hasa katika vitabu vya Marekani, kwa kuwa mara nyingi mkusanyiko huonyesha mwaka wa hakimiliki wa kila hadithi, na miaka hiyo huelekeza moja kwa moja kwenye tarehe za majarida. Ukiona kitabu cha 1951 kinataja hakimiliki za miaka ya 1920, umepata dalili kwamba hadithi zake ni za kale.

Angalia pia kama kuna orodha ya chapa zilizofuata, au safu ya nambari ambayo ndogo yake kuliko zote huonyesha ni chapa ya ngapi. Nambari ya ISBN, yaani nambari ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, husaidia kukanusha: mfumo huo ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo nakala ya The Listerdale Mystery yenye ISBN haiwezi kuwa ya 1934 hata kama mwaka huo ndio pekee uliochapwa ndani. Ikiwa nambari yenyewe ina tarakimu 13 zilizochapwa kama ISBN, nakala hiyo ni ya karne ya 21, kwa kuwa urefu huo ulianza kutumika rasmi mwaka 2007.

Hatimaye linganisha ukurasa wa yaliyomo na jedwali lako, hadithi kwa hadithi. Usiamini jalada. Matoleo ya jalada laini yamewahi kubadilishwa jina, na kitabu cha Three Blind Mice kimewahi kuuzwa kama The Mousetrap and Other Stories. Niliwahi kuvinunua vyote viwili, nikaona kosa langu nilipofika kwenye ukurasa wa yaliyomo, nikiwa tayari nimeondoka dukani.

Hatua ya nane: hakiki kwa hesabu

Jedwali likishajaa, lipime kwa kujumlisha. Hapa hesabu haina huruma, na ndiyo sababu naithamini kuliko kipimo kingine chochote. Tuchukue vitabu viwili vya Uingereza ambavyo havikutolewa Marekani kwa sura hiyo, yaani The Hound of Death na The Listerdale Mystery, kila kimoja kikiwa na hadithi 12.

Hadithi 12 za The Hound of Death ziligawanyika Marekani hivi: sita zilikwenda katika kitabu cha 1948, yaani The Witness for the Prosecution and Other Stories, moja, "The Last Séance", ikaenda Double Sin ya 1961, na tano zikaenda The Golden Ball ya 1971. Jumla yake ni 12. Za The Listerdale Mystery, nne zilikwenda katika kitabu cha 1948 na nane katika The Golden Ball, na jumla yake nayo ni 12.

Sasa geuza upande. Kitabu cha 1948 kina hadithi 11. Tumekwisha kuhesabu sita na nne, yaani kumi, hivyo imebaki moja ambayo haikutoka katika kitabu chochote kati ya hivyo viwili, nayo ni "The Second Gong". The Golden Ball ina hadithi 15. Tumehesabu tano na nane, yaani 13, na zilizobaki ni "Magnolia Blossom" na "Next to a Dog". Ukiuliza hizi tatu za ziada ziliingia lini katika mkusanyiko wa Uingereza, zote zinakutana katika kitabu kimoja: Problem at Pollensa Bay ya 1991. Hapo inaonekana wazi kitabu hicho kilikuwa na kazi gani. Ni mkusanyiko wa mabaki wenye hadithi nane, na saba kati yake ni zile ambazo mikusanyiko ya Marekani ilikuwa nazo kitambo na ya Uingereza ilizikosa.

Kama jumla zako hazilingani, usibadilishe nambari ili zilingane. Rudi kwenye hatua ya tano, kwa sababu karibu kila mara kosa ni jina moja lililohesabiwa mara mbili au maandishi mawili yaliyohesabiwa kama moja.

Hatua ya tisa: shughulikia vitabu vya mwisho

Vitabu viwili vya 1997 vinafanana kama mapacha na watu wengi huvichukulia kuwa kimoja. While the Light Lasts ya Uingereza na The Harlequin Tea Set ya Marekani vina hadithi tisa kila kimoja, na saba ni zilezile, zikiwamo "Manx Gold", iliyoandikwa mwaka 1930 kwa ajili ya mchezo wa kusaka hazina uliokusudiwa kuwavutia watalii katika Isle of Man, na "The House of Dreams". Tofauti ni mbili mbili: cha Uingereza kina "Christmas Adventure" na "The Mystery of the Baghdad Chest", na cha Marekani kina "The Mystery of the Spanish Chest" na "The Harlequin Tea Set". Sababu inasomeka kwenye jedwali lako. Uingereza ilikuwa tayari na hizo mbili za mwisho tangu 1960 na 1991, na "Baghdad Chest" ilikuwa ya zamani Marekani tangu 1939.

Mstari wa mwisho wa kujaza ni wa "The Capture of Cerberus", kazi ya kumi na mbili katika The Labours of Hercules. Jarida la The Strand lilichapisha hadithi 11 za mfululizo huo mwaka 1939 na 1940, na ya kumi na mbili halikuichapisha. Kitabu kilipotoka mwaka 1947, Christie alikuwa ameandika nyingine tofauti kabisa chini ya jina lilelile, na ile ya awali ilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 2009, katika kitabu cha John Curran kuhusu madaftari ya mwandishi huyo. Iandikie mistari miwili, moja ya 1947 na nyingine ya 2009, na katika safu ya jarida, kwenye ule wa 2009, andika kwamba ilikusudiwa The Strand na haikuchapishwa.